Madaraja Matatu na Mzigo Usiohesabiwa

Daraja ni miongoni mwa vitu ambavyo binadamu huvitumia kila siku pasipo kuvifikiri. Msafiri anayevuka mto kwa basi au kwa gari moshi huyatazama maji kwa muda, huzungumza na jirani yake, na akifika ng'ambo husahau kwamba amevuka. Mhandisi aliyelichora daraja hilo hakuwa na nafasi ya kusahau. Kabla ya nguzo ya kwanza kusimamishwa, ilimbidi ajibu swali moja: daraja hili litabeba nini?

Jibu la swali hilo lina sehemu tatu. Kwanza, daraja hubeba uzito wake lenyewe, yaani uzito wa chuma, mawe au saruji iliyotumika kulijenga. Katika madaraja makubwa, mara nyingi uzito huu ndio unaozidi mizigo mingine yote, nao haupumziki usiku wala mchana. Pili, daraja hubeba wapitao: watu, magari, na gari moshi. Mzigo huu huja na kuondoka. Tatu, daraja hubeba mizigo ya maumbile, na mkubwa katika hiyo ni upepo. Tofauti ya upepo na mizigo ile miwili ni kwamba wenyewe hausukumi kwenda chini, bali husukuma kwa ubavu.

Historia ya madaraja matatu, mawili ya Scotland na moja la Kanada, yaonyesha yanayotokea pale mmojawapo wa mizigo hiyo unapoachwa nje ya hesabu. Yaonyesha pia kwamba katika maafa yote mawili yatakayosimuliwa hapa, daraja lilitoa dalili kabla ya kuanguka.

Daraja la Tay

Pwani ya mashariki ya Scotland imekatwa na milango mipana ya mito miwili, Forth na Tay. Hadi katikati ya karne ya 19, msafiri aliyetoka Edinburgh kwenda Dundee alilazimika kushuka garini mara mbili, avuke kwa kivuko, kisha apande gari jingine ng'ambo. Mhandisi Thomas Bouch alishikilia kwa miaka mingi kwamba milango hiyo yote miwili yaweza kujengewa madaraja. Kazi ya kuuvuka mto Tay ilianza mwaka 1871, na tarehe 1 Juni 1878 daraja likafunguliwa kwa abiria. Urefu wake ulizidi kilomita 3. Mwaka uliofuata Malkia Victoria alipita juu yake, na Bouch akapewa heshima ya kuitwa "Sir".

Hapo mwanzo nguzo zilikusudiwa kuwa za matofali, kwa kuwa wapimaji walidhani kwamba chini ya mto kuna mwamba imara. Kazi ilipoendelea ilibainika kwamba mwamba huo haukuwa na unene uliotarajiwa. Bouch akapunguza uzito: badala ya matofali, nguzo nyingi zilijengwa kwa mihimili ya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Kila nguzo ndefu ilikuwa na mihimili sita iliyosimama wima, ikaunganishwa kwa fito za chuma zilizokwenda mshazari. Fito hizo zilifungwa kwa bolti kwenye "masikio" yaliyosubiwa pamoja na mihimili yenyewe.

Katikati ya mto, ili milingoti ya meli ipate kupita, reli ilipitishwa ndani ya fremu za chuma badala ya kupita juu yake. Sehemu hiyo ya juu ilikuwa na mianya 13, yaani nafasi zilizo wazi kati ya nguzo na nguzo, na urefu wake ulikaribia kilomita moja. Ilisimama kiasi cha mita 27 juu ya maji. Kwa hiyo fremu zilizokinga upepo zaidi ndizo zilizowekwa juu ya nguzo ndefu kuliko zote.

Hapa yafaa kueleza tabia ya chuma cha kusubu. Mwalimu anaweza kuionyesha darasani kwa kipande cha chaki. Chaki ikisimamishwa wima na kitabu kikawekwa juu yake taratibu, itastahimili. Lakini chaki hiyo hiyo ikishikwa kwa vidole vya mikono miwili na kupindwa kidogo, itakatika mara moja. Chaki ina nguvu ya kustahimili kani ya kubana, haina nguvu ya kustahimili kani ya kuvuta, na inapopindwa upande wake mmoja huvutwa. Ndivyo kilivyo chuma cha kusubu. Mihimili ya Tay ilifaa kubeba uzito ulioikandamiza kutoka juu. Upepo uliposukuma kwa ubavu, fito za mshazari zilivutwa, nazo zikayavuta yale masikio. Hivyo sehemu iliyotegemewa kulishika daraja dhidi ya upepo ilitengenezwa kwa chuma kisichofaa kuvutwa.

Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879

Jioni ya Jumapili hiyo dhoruba kali ilivuma kutoka magharibi, ikilipiga daraja ubavuni. Ilipokaribia saa moja na robo usiku, mlinzi wa ishara upande wa kusini alimkabidhi dereva wa gari moshi kijiti cha ruhusa, akarudi kibandani. Yeye na mwenzake waliziona taa za nyuma zikifuata daraja. Wakaona cheche zikiruka kwenye magurudumu, kisha mmweko mkali, kisha giza.

Upande wa Dundee, wafanyakazi wawili wa reli waliamua kwenda kutazama. Kwa sababu ya nguvu ya upepo walitambaa juu ya daraja, wakashika njia mpaka wakafika mahali ambapo reli ilikoma. Mbele yao maji yalikuwa yakimwagika kutoka bomba lililovunjika, bomba lililopitishwa darajani kupeleka maji ng'ambo. Mianya yote 13 ya sehemu ya juu ilikuwa imetoweka, na gari moshi pamoja nayo. Hakuna aliyeokoka. Kwa hesabu ya siku zile waliokufa walikadiriwa kuwa 75. Uchunguzi wa baadaye umethibitisha majina ya watu 59.

Tume iliyochunguza ajali hiyo ilisikia ushahidi wa watu wa kila namna, na ushahidi mwingine haukutoka kwa wataalamu. Watu waliokuwa wakipaka daraja rangi katika kiangazi cha mwaka 1879 walieleza jinsi lilivyotikisika gari moshi lilipopita. Wafanyakazi wa kiwanda cha kusubu walieleza jinsi mashimo yaliyotokea katika mihimili yalivyozibwa kwa mchanganyiko wa nta, ulimbo, masizi na chembe za chuma, kisha yakasuguliwa mpaka yakafanana na chuma kizima. Ilionekana pia kwamba matundu ya bolti katika masikio yaliachwa kama yalivyotoka kwenye kalibu, mapana upande mmoja na membamba upande wa pili, hata bolti ikaegemea ukingo tu badala ya kukaa sawasawa.

Msimamizi aliyeajiriwa kulitunza daraja alikuwa fundi hodari wa kazi za matofali, wala hakufunzwa kazi za chuma. Tangu mwaka 1878 alisikia fito zikigongana. Akaona zimelegea, akachomeka vipande vya chuma kati yake ili kelele zikome, na zaidi ya viungo 100 vikatengenezwa kwa njia hiyo. Kelele zilikoma. Lakini kulegea kwa fito kulimaanisha kwamba nguzo zilikwisha kuanza kubadili umbo, na vile vipande viliziacha katika umbo hilo jipya.

Swali zito kuliko yote aliulizwa Bouch mwenyewe: aliuhesabu upepo kwa kiasi gani? Akajibu kwamba kwa daraja la Tay hakuweka kiasi maalumu. Miaka michache nyuma, alipokuwa akichora daraja jingine la mto Forth, alikuwa ameomba ushauri wa mnajimu mkuu wa Serikali, George Airy, akajibiwa kwamba daraja kwa urefu wake wote halitapata mkazo wa upepo unaozidi ratili 10 kwa kila futi ya mraba, yaani kilo 49 hivi kwa kila mita ya mraba. Mkuu wa tume alihukumu kwamba daraja lilichorwa vibaya, likajengwa vibaya na kutunzwa vibaya, na kwamba lawama kubwa ni ya mhandisi. Bouch alifariki mwezi Oktoba 1880, miezi kumi baada ya ajali.

Daraja la Forth

Wakati daraja la Tay lilipoanguka, kazi ya daraja la Bouch katika mto Forth ilikuwa imekwisha anza. Ikasimamishwa, na mchoro wake ukatupwa. Kazi walipewa wahandisi John Fowler na Benjamin Baker, kwa sharti jipya la Serikali: daraja lihesabiwe kustahimili mkazo wa upepo wa ratili 56 kwa kila futi ya mraba, kiasi cha kilo 273 kwa kila mita ya mraba. Kiasi hicho kilizidi zaidi ya mara tano kile alichoelezwa Bouch.

Baker alitaka kujua ukweli kwa kupima. Katika kisiwa kidogo cha Inchgarvie, katikati ya mlango wa Forth, aliweka vibao vya kupimia upepo: kidogo chenye eneo la futi moja na nusu ya mraba, na kikubwa chenye futi 300 za mraba. Vipimo vilionyesha kwamba mkazo kwa kila futi ulikuwa mdogo katika kibao kikubwa kuliko katika kidogo. Sababu ni kwamba upepo haulipigi eneo pana kwa nguvu moja kila mahali kwa wakati mmoja; huvuma kwa mikupuo, huku ukiwa mkali hapa na pale ukiwa umelegea. Hata hivyo sharti la Serikali lilibaki vile vile, na daraja likahesabiwa kwa kiasi chote cha ratili 56. Wanafunzi wa fizikia wakumbuke pia kwamba mkazo wa upepo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo wake: upepo ukivuma kwa mwendo maradufu, husukuma kwa nguvu mara nne.

Daraja walilolichora ni la aina ya kantiliva, yaani daraja la mikono. Kwa kuwaeleza watu wasio wahandisi, Baker alitumia mfano ambao picha yake imekuwa mashuhuri. Watu wawili waliketi vitini wakanyoosha mikono, kila mkono ukashika gongo ambalo ncha yake ya chini ilikitwa kwenye kiti. Kati yao, juu ya ubao uliotegemea magongo hayo, aliketi mhandisi Mjapani Kaichi Watanabe, aliyekuwa amesoma katika Chuo Kikuu cha Glasgow na kufanya kazi kwenye daraja hilo. Pande za nje, mikono mingine ya wale wawili ilifungwa kwa matofali yaliyowekwa chini kuwa mizani. Watanabe alikaa hewani bila ya nguzo chini yake.

Mfano huu waweza kurudiwa darasani kwa viti viwili, magongo manne, ubao mfupi na mizigo ya matofali, mradi atakayeketi katikati awe mwepesi na asiinuliwe juu sana. Wale wawili wakiulizwa wanasikia nini, watasema kwamba mikono yao inavutwa na kwamba magongo yanasukuma kwenye viti. Ndivyo daraja lenyewe linavyofanya kazi. Vyuma vya juu huvutwa kama mikono. Mabomba makubwa ya chini, yenye kipenyo cha mita 3.7, hubanwa kama magongo. Na uzito wa ncha za nje husawazisha uzito wa katikati. Kila mwanya mkubwa una mita 521: mikono miwili ya mita 207 kila mmoja, na kati yake daraja dogo la mita 107 lililokalia ncha za mikono hiyo. Mianya hiyo mikubwa ni miwili.

Jibu la upepo laonekana kwa macho. Minara mitatu ya daraja, inayofikia mita 110 juu ya maji, haikusimamishwa wima: miguu ya kila mnara imepanuliwa. Chini, upande mmoja hadi mwingine ni mita 36 na nusu. Juu ni mita 10 tu. Mtu anayesimama kwenye ngalawa wakati wa mawimbi hupanua miguu yake vivyo hivyo pasipo kufundishwa. Badala ya chuma cha kusubu ilitumika feleji, yaani chuma cha pua, ambayo hustahimili kubanwa na kuvutwa pia. Zaidi ya tani 50,000 za feleji zilitumika, zikaungwa kwa ribiti zipatazo milioni 6.5.

Kazi ilichukua miaka minane, na daraja likafunguliwa tarehe 4 Machi 1890. Gharama yake haikuwa ya fedha peke yake. Kumbukumbu za wakati wa ujenzi zilitaja wafanyakazi 57 waliokufa. Wanahistoria wa eneo hilo baadaye walifikisha idadi hiyo kuwa 73. Mwaka 2015 daraja liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na magari moshi yangali yakipita juu yake.

Daraja la Quebec

Miaka kumi baada ya daraja la Forth kufunguliwa, Kanada ilianza kujenga daraja la aina hiyo hiyo kuuvuka mto St Lawrence karibu na mji wa Quebec. Mhandisi mshauri alikuwa Theodore Cooper, Mmarekani mwenye sifa kubwa aliyekaa New York. Mwaka 1900 Cooper aliamua mwanya mkubwa urefushwe kutoka futi 1,600 hadi futi 1,800, yaani kutoka mita 488 hadi mita 549, ili nguzo zikae mahali ambapo maji si ya kina kirefu. Kwa urefu huo daraja lingelishinda hata lile la Forth.

Daraja refu zaidi huhitaji chuma kingi zaidi, na chuma kingi ni uzito mwingi. Walakini hesabu ya mkazo iliendelea kutegemea uzito uliokadiriwa zamani. Kosa lilitambuliwa mwaka 1906, wakati ambapo sehemu kubwa ya vyuma ilikwisha kutengenezwa. Cooper aliamua kwamba ongezeko hilo lavumilika, na kazi ikaendelea. Safari hii upepo ulikuwa umehesabiwa. Mzigo ulioachwa ni uzito wa daraja lenyewe.

Vyuma vilivyokuwa hatarini ni vile vya chini, vinavyobanwa. Chuma kinachobanwa kina hatari isiyokuwamo katika chuma kinachovutwa, nayo huonekana kwa rula ya plastiki. Rula ndefu ikisimamishwa mezani na kubonyezwa kutoka juu, haisagiki; hubenuka ubavuni ghafla na kupoteza nguvu yake. Rula fupi yenye unene ule ule hustahimili zaidi. Mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha katika karne ya 18 kwamba urefu wa mhimili mwembamba ukiwa maradufu, mzigo unaoweza kuubenua hupungua hadi robo. Mihimili ya Quebec iliyobanwa iliundwa kwa mabamba manne ya feleji yaliyosimama sambamba, yakashikanishwa kwa fito nyembamba, na fito hizo hazikuwa na nguvu ya kuyafanya mabamba manne yawe kitu kimoja.

Katika kiangazi cha mwaka 1907 mihimili hiyo ilianza kupinda. Norman McLure, mhandisi kijana aliyemwakilisha Cooper mahali pa kazi, aliipima na kuandika. Katika mhimili mmoja kupinda kulikuwa kiasi cha milimita 19. Tarehe 27 Agosti akakuta milimita 57. Palitokea ubishi. Baadhi ya wakubwa wa kazi walidai kwamba mhimili ulipinda tangu kiwandani. McLure alipanda gari moshi, akasafiri hadi New York kumwonyesha Cooper vipimo, akafika asubuhi ya tarehe 29. Cooper alifahamu hatari papo hapo, akapeleka simu ya maandishi kwamba mzigo wowote usiongezwe darajani. Lakini simu aliipeleka katika ofisi za kampuni huko Pennsylvania, si Quebec. Wakubwa wa kampuni waliisoma, wakaamua jambo hilo lingoje mpaka asubuhi.

Siku hiyo hiyo, saa kumi na moja na nusu jioni ikiwa imepita kidogo, wafanyakazi wakiwa wanamaliza zamu, tani 19,000 za feleji zilianguka mtoni kwa muda wa sekunde kama 15. Katika watu 86 waliokuwa juu ya daraja, 75 walikufa. Zaidi ya 30 kati yao walikuwa Wamohawk wa kijiji kimoja, Kahnawake, watu waliosifika kwa kazi ya chuma mahali pa juu.

Daraja lilichorwa upya, likawa zito zaidi kwa mbali, na mihimili ya kubanwa ikapewa unene uliozidi ule wa kwanza zaidi ya mara mbili. Mwaka 1916 sehemu ya katikati ilianguka ilipokuwa ikiinuliwa, na watu 13 wakafa. Mwaka 1917 kazi ikakamilika. Mwanya wake wa mita 549 haujapitwa na daraja lolote la kantiliva.

Mafunzo

Mtu aweza kudhani kwamba Bouch na Cooper walikuwa wajinga. Haikuwa hivyo. Wote wawili walikuwa na uzoefu wa miaka mingi, na sifa yao yenyewe ilikuwa sehemu ya tatizo, kwa sababu watu waliowazunguka waliona vigumu kuwapinga. Mpaka rangi aliyehisi daraja likitikisika hakuwa na mtu wa kumwambia. Msimamizi aliyesikia fito zikigonga hakujua sauti hiyo ina maana gani, wala hakuuliza. McLure alijua, akapima, akasafiri. Lakini vipimo vyake vilikwenda New York na Pennsylvania wakati watu waliokuwa juu ya chuma hawakuambiwa neno.

Kwa hiyo hesabu sahihi ni nusu tu ya kazi ya mhandisi. Nusu ya pili ni kulisikiliza daraja baada ya hesabu kwisha, na kumpa mtu wa chini kabisa njia ya kusema alichokiona. Tangu mwaka 1925 wahandisi wengi wanaohitimu Kanada hula kiapo na kuvaa pete ya chuma katika kidole kidogo cha mkono wanaouandikia. Watu husimulia kwamba pete za kwanza zilitengenezwa kwa chuma cha daraja la Quebec. Masimulizi hayo si ya kweli, lakini si ajabu kwamba yameenea, kwani pete hiyo hugusa karatasi kila mhandisi anapochora.

Huko Tay daraja jipya lilifunguliwa mwaka 1887, sambamba na lile la kwanza. Baadhi ya fremu za zamani zilizobaki zimesimama ziliondolewa na kutumika tena katika daraja jipya. Hata injini ya gari moshi lililozama iliopolewa, ikatengenezwa, ikafanya kazi mpaka mwaka 1919. Visiki vya nguzo za Bouch havikung'olewa. Vimejipanga majini kando ya daraja jipya, na abiria anayevuka leo kwenda Dundee akitazama chini dirishani huviona, kimoja baada ya kingine.